Chai ya Wifi

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize kabla hujanihukumu, maana mlio wa kijiko kikisaga kidonge kwenye kisahani haujanitoka masikioni tangu Jumapili, nilipoingia jikoni bila viatu nikamkuta wifi yangu, anayekaa kwetu, akikoroga unga mweupe kwenye chai yangu. Nina mimba ya miezi mitano, nina sauti nzito na vinyweleo kidevuni, na wifi, ambaye saluni kwake anauza vidonge vya estrojeni kwa wanaotaka nyonga pana, huniita Bwana Mjamzito, na siku hiyo hata hakushtuka, alisema, "Homoni za kike huna, wifi. Nakusaidia huyo mtoto atoke kamili," na nilipomgeukia mume wangu akasema, "Kunywa tu, mama, tuwe na amani," kumbe alijua! Nimesoma hadi macho yakauma: estrojeni ya mimba hutengenezwa na kondo la nyuma, na malighafi nyingi hutoka kwa mtoto mwenyewe, kwenye tezi zilizo juu ya figo zake, yaani kazi hii tunaifanya mimi na yeye, na sitaki mtu wa tatu. Je, nikikataa nitakuwa nimevunja nyumba?

Mdogo wangu, pole. Lakini umesoma yote hayo halafu unaniomba ruhusa ya kumwaga chai? Estrojeni mnayotengeneza wewe na mtoto inakuza mji wa mimba, inaongeza damu inayomfikia mtoto, inaandaa matiti, inasaidia mapafu yake yakomae. Kidevu chako hakihusiki. Zamani wajawazito walipewa estrojeni ya kutengenezwa eti ilinde mimba, na baadhi ya watoto wao wakaja kuugua ukubwani. Usiingiwe na hofu, vidonge si vya aina moja. Ila kesho mpelekee daktari hivyo vya wifi, umwambie huenda umeshavinywa kwenye chai bila kujua. Mumeo aende nawe. Amani ya kuwekewa dawa kwa siri ni woga wake, mwambie nimesema mimi.

Mshauri, jibu lako limenikuta nimeshamaliza. Vidonge amevichukua daktari, amenipima, mtoto anacheza vizuri. Mume wangu alikuwepo, alisikia yote akainamisha kichwa. Wifi alihama jana. Mizigo nilimfungia mwenyewe, nikiimba kwa sauti yangu hii hii. Kabla hajatoka nilimchemshia chai.

Hakuigusa.