Nia za Josefina

Alhamisi, 6 Juni 2024
Nimerudi nyumbani Mabawe. Daktari kule Mwanza amenitoa vinundu kooni na kunipa amri: majuma mawili bila neno. Hata kunong'ona — marufuku! Nikamwandikia kwamba mimi ni katekista, kazi yangu ni mdomo. Akacheka. Akasema ndiyo maana koo limechakaa. Sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi. Tarehe 19 anitazame tena.

Josefina amenunua daftari hili ili nimwandikie ninachotaka. Nimelificha. Yeye namwandikia kwenye vipande vya karatasi: chumvi. Maji ya moto. Mbuzi wafungwe. Naye ananijibu kwa ishara za mikono! Mke wangu, nimepasuliwa koo, masikio ni mazima.

Jumapili, 9 Juni
Padre hafiki kigangoni kwetu kila Jumapili, kwa hiyo ibada naongoza mimi. Miaka ishirini na miwili sasa. Leo ameongoza Marsiana, mwenyekiti wa jumuiya. Nilikaa benchi la nyuma nikingoja akosee. Alikosea mara moja, akajicheka, watu wakacheka naye, wakaendelea. Tulitoka mapema. Mzee Malongo akanishika mkono akasema leo ibada ilikuwa tamu kweli — halafu akakumbuka anaongea na nani, akaanza kuniuliza habari za kahawa.

Nimeumia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumatatu, 10 Juni
Asubuhi nilipiga magoti peke yangu niombe sauti. Hakuna kitu! Najua kuombea wagonjwa, mvua, mbegu, wafiwa. Nimewaombea watu mpaka wakatoa machozi. Leo, kimoyomoyo, nimepata "Ee Mungu" na basi. Tena nikajikuta nasikiliza kama imekaa vizuri! Sala isiyo na watu wa kuitikia sijui huanzia wapi. Nimekata tamaa kwa kweli. Kama sauti haitarudi, mimi ni nani hapa Mabawe? Mkulima wa kahawa mwenye miche mia mbili, tena mizee.

Jumanne, 11 Juni
Nilikaa kwenye mkeka wa kahawa uani. Nikasema moyoni: Ni mimi, Aristides. Naogopa. Sikuongeza kitu. Nikakaa tu. Hakuna kilichotokea — kuku walikuja, nikawafukuza. Lakini nilipoinuka mwili ulikuwa mwepesi kidogo kuliko jana.

Jumatano, 12 Juni
Rozari ya jioni hapa nyumbani naongoza mimi, nia zote za kuombea nazitaja mimi, Josefina anaitikia. Tangu nirudi tulikuwa tunasali kimya, kila mtu kivyake. Leo amechoka na kimya. Ameongoza yeye.

Mwaka wa ishirini na sita wa ndoa, na sijawahi kumsikia akimwomba Mungu kwa maneno yake mwenyewe! Si Kiswahili changu cha kanisani. Alisali kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, kama anaongea na jirani aliyekaa pale kwenye kigoda. Akaombea goti lake. Akaombea koo langu. Kisha akasema: na Tecla wangu, na Twaha wake, na mtoto wao ambaye sijawahi kumbeba.

Jina la Tecla nililikataza humu ndani miaka mitatu iliyopita, binti yetu alipoolewa na Mwislamu kule Nyabusozi, Biharamulo. Katekista, na binti yake! Watu walisema sana. Nikanyoosha mkono kumzuia Josefina, lakini alikuwa amefumba macho. Kukataza siwezi. Kuitikia amina siwezi. Mkono ukabaki hewani kama wa polisi wa barabarani.

Alhamisi, 13 Juni
Amerudia! Leo ameeleza zaidi. Kumbe mtoto ni wa kike, anaitwa Hidaya, ana miaka miwili, na mwezi wa tatu alilazwa kwa nimonia. Mjukuu wangu alilazwa, nami nimejua kwa kusikia Mungu akielezwa.

Nikamwandikia Josefina: umeyajuaje? Akasoma, akakunja karatasi. Akasema huwa wanaongea kila siku ya soko, kwa simu ya Marsiana. Kila siku ya soko, miaka mitatu. Nilitaka kukasirika. Nikajitafutia hasira kabisa, kama mtu anayetafuta miwani. Haikupatikana.

Ijumaa, 14 Juni
Nilijaribu nia ya Josefina kwenye mkeka, kimoyomoyo. Nikafika kwenye jina. Tecla. Nikaishia hapo. Nadhani Mungu anaujua mwisho wake kuliko mimi.

Jumamosi, 15 Juni
Tecla yupo uani!

Amekuja toka Biharamulo, kisha kwa bodaboda kutoka barabara kuu. Mama yake alimwambia nimepasuliwa. Mimi nimo chumbani, mlango umerudishwa, nasikia kila neno. Ameniamkia kupitia mlango: Shikamoo, baba. Akangoja. Josefina akaeleza haraka haraka kwamba nimekatazwa kuongea, si kwamba nimekataa. Tecla akasema: Hata siku ile nilipokuja na tumbo hakuitikia, mama, na koo lake lilikuwa zima.

Ni kweli. Nilikuwa kwenye kahawa, nikaliona lile tumbo, nikasikia shikamoo, nikainama nikaendelea kuchuma. Sijawahi kuliungama hilo. Nimewafundisha watoto mia kadhaa kuungama, na hilo sijawahi kuliungama.

Sasa anasema hakai. Bodaboda anamsubiri, alitaka tu kujua kama ninapumua. Josefina anambembeleza anywe chai. Kuna kisauti kingine, kinawacheka kuku. Amekuja naye! Tecla anamtafutia kiatu kimoja, Josefina anasema angalia chini ya benchi.

Nimekaa kitandani, daftari magotini, naandika kama mwoga. Mlango ni hatua nne. Kiatu kimepatikana.

Mungu wangu, leo siombi sauti. Niinue tu hapa nilipokaa, kabla pikipiki haijawashwa. Nainuka —