Bado Mkazi wa Litembo

Lipingo, Jumanne usiku

Wamenirudisha tena. Mbinga walisema anwani kwenye leseni ya bunduki inabadilishwa kule ulikohamia. Leo nimefika kituoni huku Nyasa na barua ya mtendaji wa kijiji. Afande ameisoma yote, akasema, "Shida ni kwamba hapa hatuwezi, mzee, mpaka Mbinga wakutoe kwanza kwao." Serikali moja, na kila kituo kina sheria yake.

Gobore lenyewe wamelizuia mpaka karatasi zikamilike. Nguruwe pori wanamaliza mihogo ya binti yangu, na mimi nawafukuza kwa kupiga debe kama mtoto.

Nilikuwa nimeshakasirika. Ndipo afande akauliza, kwa upole tu, "Kwani kule Mbinga, Litembo, ulihama kwa nini, mzee?"

Ningemwambia nini? Kwamba tulipomzika mke wangu nyumba ilinishinda? Kwamba nilikuwa nikirudi shambani napiga hodi mlangoni kwangu, halafu nasimama nasubiri...

Nikamjibu, "Uzee, afande."

Binti yangu anataka niende Mbinga kesho, yamalizike. Nimemwambia mgongo unauma. Hauumi.

Nimeitazama leseni hapa kwenye taa. Jina langu, na chini yake: mkazi wa Litembo. Kwingine kote nimeshahama. Kwenye karatasi hii tu ndipo bado naishi na mke wangu.

Kesho nitapiga debe tena.