Namba Zilizofaulu Majaribio Yangu

Alhamisi, Embu. Manyunyu hayajakatika tangu asubuhi. Nimevaa sweta mbili na usingizi bado hauji. Si baridi peke yake.

Leo Wanja alirudi kwenye dirisha letu la rekodi hospitalini. Si jina lake, na sitaandika anakotoka. Anauza nguo sokoni, na majuzi alipimwa virusi vya Ukimwi kwetu. Kila anayepimwa hupewa kadi yenye jina na saa aliyoandikishwa, hadi sekunde, pamoja na karatasi ndogo yenye namba ya siri ya kufungulia majibu kwenye simu. Kadi unaweza kuiacha mezani. Karatasi unaificha.

Wanja aliificha.

"Ni nani wenu amesema?" aliniuliza kwa sauti ya chini, maana foleni ilikuwa nyuma yake. Nikamwambia hakuna. "Basi wamejuaje? Binamu ya mchumba wangu alipiga picha ya kadi tu, akaenda kucheza na kompyuta yake. Jumapili wazee wao walikuwa waje kuongea mambo ya mahari. Hawakuja. Mama alikuwa ameshapika."

Nikasema nitaangalia.

"Angalia, dada. Wewe ndiye ulinipa hiyo karatasi ukaniambia ni siri."

Alikataa kuingia kwa nesi aliyempima, kwa kuwa anadhani ndiye aliyesema. Aliondoka bila dawa zake.

Nilielewa nikiwa bado naandikisha mgonjwa aliyemfuata, nikamwandika jina vibaya.

Programu inayotoa namba hizo ilipoletwa, bosi alinipa mimi niipime kwa sababu nilisoma takwimu chuoni. Nilifurahi mno. Nilitoa maelfu ya namba, nikahesabu kila tarakimu imetokea mara ngapi, nikatazama kama kuna mpangilio unaojirudia, kama namba moja inadokeza inayofuata. Sikuona chochote. Zilikuwa kama karata zilizochanganywa vizuri. Nikaandika kwamba ziko salama.

Majaribio yangu yaliuliza kama namba zinaonekana za kubahatisha. Hayakuuliza kama mtu anayejua zinapoanzia anaweza kuzitoa upya. Programu huanza hesabu yake kutoka kwenye saa ya kuandikishwa, na hesabu yenyewe ni ile ya kawaida, iko kwenye kompyuta yoyote.

Saa hiyo tunaichapisha wenyewe kwenye kadi.

Jioni nilichukua kadi yangu ya siku niliyopimwa hapo hapo kazini. Nikaingiza saa iliyochapwa kwenye hesabu ile ile ya kompyuta. Namba yangu ya siri ikatoka mara moja.

Nilimwonyesha bosi. Aliisoma namba kwenye kioo cha kompyuta. "Si wewe uliandika ziko salama? Sahihi ni yako. Nyamaza kwanza, mtoto wangu. Nitaongea na wenye programu polepole."

Ninaogopa. Mkataba wangu bado haujaongezwa. Nyumbani, kijijini Kanja, mama huwaambia watu wa kanisa kwamba mimi ni wa hospitali, na hata sijui yeye anaelewa nini kwa neno hilo.

Baada ya bosi kuondoka niliyarudia majaribio yote, labda nione kasoro niliyoipita. Nilitaka sana kuiona.

Namba zimefaulu tena, zote.

Kinachoniuma ni yule nesi. Alimshika Wanja mkono siku alipofungua majibu mbele yake, na leo alimwona akipita mlangoni pake bila kumsalimia. Aliniuliza, "Huyu msichana nimemkosea nini?" Nikasema sijui, na tayari nilikuwa najua.

Asubuhi sitatoa karatasi hata moja. Kila mtu atachukua majibu yake ana kwa ana, na bosi akiuliza nitamwambia kwa nini. Halafu nitamwendea Wanja sokoni, nimwombe tukae pembeni mahali pasipo na masikio. Nitamwambia hakuna nesi aliyefungua mdomo, kwamba mlango niliuacha wazi mimi. Wazee wale siwezi kuwarudisha. Akitaka kunitukana, anitukane.

Lakini arudi kuchukua dawa.