Kufuli Halifunguliwi Kabla ya Watu Kusema

Baba,

Nakupa salamu wanayopewa watu wa makaburini, kwani ile ya sebuleni huwezi kuniitikia tena. Usiniulize naandika nimekaa wapi. Nitakwambia mwisho, na nakuomba unisikilize kwanza kabla ya kukasirika, kama ulivyokuwa ukiwasikiliza mahamali wako.

Nimechoka na mwanao. Nalisema mapema nisije nikalizungusha. Hamidu anataka kulivunja baraza la nyumba yako, lile la mawe lililo pande zote mbili za mlango, ili apanue mlango, mikokoteni iingie na magunia ya mbata za nazi mpaka ndani. Nyumba iwe ghala. Tumeirithi pamoja, na mimi ndiye ninayekaa juu, lakini mdogo wangu huyu amezoea kuniambia mambo yakishaamuliwa.

Siku hizi tuna makao makuu. Ndivyo anavyoyaita, na mdomo unamjaa. Ulipokuwepo, biashara ilikuwa chini na sisi juu, na safari yako ya kazini ilikuwa ngazi moja ya mbao. Sasa vita vimekwisha, kila mwenye uwezo anajenga, na Hamidu naye kajenga jumba la saruji njia ya Shimanzi. Ni zuri, sikatai. Sakafu inang'aa mpaka unaona haya kuikanyaga. Lakini jumba lile, Baba, limejengwa na mtu anayewaogopa watu wake. Mlango wa mbele ni wa mabwana wa meli na matajiri wenziwe. Mahamali wanazungushwa nyuma, na huko nyuma kuna kidirisha cha nondo, kimewekwa chini, mtu mzima lazima ainame ndipo karani amsikie. Hamidu mwenyewe yuko orofa ya juu kabisa. Pa kukaa hakuna. Nilimuuliza mtu mwenye jambo lake angoje wapi, akanijibu, "Dada, kampuni si mkahawa."

Si mkahawa. Na wewe ulichuma yote aliyonayo juu ya kahawa.

Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi msikitini alfajiri, ufunguo mfukoni, na hufungui. Unaketi barazani, Mzee Charo anakuja na dele la kahawa, na mwenye lake analitoa. Kamba imemkata bega, mkewe mgonjwa, mwenziwe kamtukana. Ulikuwa ukisema, "Kufuli halifunguliwi kabla ya watu kusema." Wakigombana wawili, uliwaketisha upande mmoja waangalie njia. Ulisema watu wakikaa uso kwa uso hawasikilizani, wanaviziana. Nami nipo juu, nyuma ya pazia, sikio chini. Ulijua. Likija jambo la maana ulikuwa ukikohoa kwanza, nikajua hilo ni langu. Hivyo ndivyo nilivyojifunza biashara, na sijamwambia mtu mpaka leo.

Mzee Charo amekufuata. Labda mmeshakutana na ameshakusimulia, lakini sikiliza na upande wetu. Alifariki kabla ya jua kutoka, chumbani kwake Majengo. Unajua alivyokuwa kwetu. Mgiriama wa watu, alikuja kwako kijana akasilimu mikononi mwako, akawa mkubwa wa mahamali, na Hamidu alimbeba mabegani kila siku kumpeleka chuoni kusoma Kurani, maana yule mtoto alikuwa hataki kwenda kwa miguu yake. Basi wenziwe wakaona wa kwanza kupewa habari ni Hamidu. Wakaenda makao makuu wanne, wamevaa kanzu zao.

Wakazungushwa nyuma. Wakainama kidirishani. Karani, kijana mwenye adabu zake, akawaambia Bwana ana wageni, hana nafasi mpaka saa nane, na tena anayetaka kuonana naye aseme shida yake kwa ufupi. Wakasema kuna maiti. Akasema sawa, atamfikishia saa nane.

Maiti haingojei saa nane, Baba. Walimzika baada ya Adhuhuri.

Mimi habari zilinifikia kwa wanawake, nikavaa buibui langu nikaenda moja kwa moja kilioni, nikijua Hamidu yuko na wanaume. Mjane akanishika mkono, akaniuliza taratibu, "Mwanangu Hamidu hakuja?" Nilitafuta pa kuuweka uso wangu sikupaona. Nilisema anakuja. Nilimwambia uongo mjane ndani ya kilio.

Alikuja jioni, kwangu, macho mekundu. Alitaka kumfukuza karani. Nikamwambia, Hamidu, mwache kijana wa watu, yeye kafanya kile ambacho nyumba uliyojenga inamwambia afanye. Umeweka ukuta, ukuta umefanya kazi yake, sasa unalia nini? Maneno makali, najua, na alikuwa amefiwa. Lakini nilikuwa nimejaa mpaka hapa shingoni.

Khitima tuliisomea barazani kwetu, kwa kuwa chumba cha marehemu hakitoshi watu. Nilipika tangu asubuhi. Hamidu alifika, akasimama kwenye njia na koti lake, anatazama huku na huku, na nikafahamu kwamba anatafuta kiti. Katika baraza la babake. Mmoja wao akasogea, wakasogea wote, akapata nafasi. Nilikuwa dirishani kwangu. Walianza na habari za marehemu, kisha mmoja akasema mguu wake ulivunjwa na gunia na tangu hapo hajaitwa kazini, mwingine akasema lile bomba la ghalani linavuja juu ya mbata. Hamidu anauliza, "Mbona hamkuniambia?" Baadaye nikamwona anajifuta macho kwa kilemba cha mtu mwingine, nikasema alhamdulillahi, damu ya mzee imerudi.

Haikurudi. Wiki haikuisha, fundi mwashi akaja na nyundo na mtaimbo. Nikampelekea Hamidu ujumbe, vipi tena, wewe uliyelia hapa. Akanijibu kwamba kulia ni kulia na biashara ni biashara. Baba, huyu ulimlea wewe? Tangu aanze habari za mlango huu, mwaka wa pili sasa nambembeleza, nimetuma wazee, nimetuma mkewe, nimenyamaza, nimenuna. Ananiita Dada kwa heshima zote na hanisikii hata neno.

Basi leo asubuhi, fundi aliporudi na kuinua nyundo, nilishuka ngazi, nikafunga mlango, nikatia ufunguo kifuani, nikakaa barazani.

Ndiyo. Mwanao wa kike, mchana kweupe, barazani, mahali pa wanaume, mtaa mzima unapita. Najua ungesema nini. Mama angezimia. Jirani yetu wa kando amefunga dirisha kwa kishindo ili nisikie. Wapita njia wanageuza nyuso kwa adabu, na fundi wa watu hajui aangalie wapi, ameketi upande wa pili na nyundo yake miguuni. Nimempa kahawa. Hawezi kuvunja jiwe lililokaliwa na binti yako, wala hawezi kuniambia niondoke.

Sheria imenipa nusu ya fungu la ndugu yangu. Sawa. Lakini haikusema nusu yangu iko juu au iko chini. Mimi nimechagua, iko hapa nilipokaa.

Jiwe lina baridi, Baba. Sikujua. Miaka yote nimelitazama kutoka juu, sikujua kama lina shimo dogo hapa mlipokuwa mkiweka dele.

Wamekwenda kumwita. Namwona anakunja kona pale, anakuja mbio, koti wazi, hana hata kofia. Ana hasira, au ana haya, toka mbali siwezi kujua. Nakuaga kwa hiyo, na Mungu akuweke pema wewe na Mzee Charo. Ahadi yangu ni hii: sitainuka mimi kwanza. Nitasogea, akae upande wangu, tuangalie njia, aseme lake na mimi niseme langu. Ufunguo ninao.

Binti yako,
Zuhura