Faili Lenye Kauli ya Mwisho

Jumatatu, 3 Machi
Kikao cha saa mbili kwa jambo la dakika mbili! Mhandisi mkuu — tunamwita Msumari, maana hang'oki — ameshikilia maktaba yetu ya programu, ule msimbo ambao programu zetu zote huutumia, isome faili la mipangilio mwisho kabisa, lifute chochote mtu alichoandika kwenye amri ya kuiendesha programu. Nikamwambia: faili liliandikwa mwaka juzi na mtu aliyekwishaacha kazi, amri inaandikwa sasa hivi na mtu aliye hai. Asikilizwe nani?

Akasema faili ni sheria. Sheria! Nimesoma habari za wafalme wengi, wote walianza hivyo hivyo.

"Dada, wewe ungegombana hata na kivuli chako," akasema.

Ningegombana nacho, kikinitangulia.

Ijumaa tunamwonyesha daktari wa meno programu ya barua za wagonjwa. Akiinunua hivyo, kanuni ya Msumari haitaguswa tena.

Jumanne, 4 Machi
Nimefanya utundu. Msumari hujaribu programu kila asubuhi kwenye folda tupu. Maktaba isipokuta faili hapo, hulitafuta kwenye folda ya pamoja. Huko nimeweka langu, mstari mmoja: salamu = Ndugu Mbishi. Kesho aandike salamu yoyote, faili litamshinda. Kwa kanuni yake mwenyewe! Nitacheka, nitalifuta, basi.

Nina barua ya onyo tayari, kwa makala ya kejeli niliyobandika jikoni mwa ofisi. Ya pili ni kufukuzwa. Lakini nani atajua?

Jumatano, 5 Machi
Daktari kaja leo! Ijumaa anasafiri, kasema sekretari. Nimeingia wameshaanza, Msumari kafungua programu kwenye folda yake ile ile tupu. Ukutani, herufi kubwa kama bango: "Ndugu Mbishi, usisahau kuja kung'oa jino."

Msumari akaandika kwenye amri: Mpendwa Mgonjwa. Ikaja Ndugu Mbishi. Akarudia, akibonyeza kama anaua mende. Ndugu Mbishi!

Daktari akauliza kwa upole: kwa hiyo nikiandika ninachotaka, mashine hainisikii?

Msumari akanigeukia. "Dada... ile kanuni yako, amri ishinde faili, kuiweka ni muda gani?"

"Dakika tano." Ushindi!

"Iweke. Lakini kwanza tumjue aliyeandika faili hili. Kompyuta huhifadhi jina la mwenye kila faili."

Naandika haya nimeinama, kama mtu anayechukua kumbukumbu za kikao. Anaandika amri ya kuonyesha mwenye faili. Herufi moja moja. Sekretari ananitazama, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Nikisimama sasa nikiri, nitaonekana jasiri. Nikikaa —

Amebonyeza.