Niligeuza Maneno Kuwa Picha Ili Shemeji Aridhike

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo lenyewe likianza kuelezwa linaonekana dogo, herufi tu, nene au nyembamba, lakini limeshamuumiza mtu asiyenijua na sasa linanila mimi mwenyewe, chakula hakishuki, nyumbani nimekuwa mtu wa kuitikia tu bila kusikia nilichoulizwa.

Ninafanya kazi na shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vioo. Tunatengeneza tovuti. Yeye ndiye mchoraji: anachora kwenye kompyuta yake jinsi kila ukurasa utakavyoonekana, rangi, picha, maandishi, mteja anauona mchoro na kuukubali, kisha unakuja kwangu, na kazi yangu mimi ni kuugeuza uwe ukurasa wa kweli unaofunguka kwenye simu na kompyuta za watu. Huyu si shemeji wa kukutana misibani tu. Ndiye aliyemlea mke wangu baada ya wazazi wao kufariki, akamsomesha, na mimi nilipokuwa nazunguka mjini na vyeti vyangu kwenye bahasha alinipa meza, akanipa kiti, akasema kaa hapa ufanye kazi. Kwa hiyo ukinisikia namlalamikia, ujue namlalamikia mtu ninayemheshimu kama baba mkwe.

Shida ni macho yake. Ofisini tunamwita Rula, kwa sababu hata kalenda ikikaa upande ukutani ataacha mazungumzo na mgeni, ainuke, ainyooshe. Kila nilipomaliza ukurasa alikuwa anauweka mchoro wake upande mmoja wa skrini na kazi yangu upande wa pili, anasogeza kiti, halafu anasema herufi zimekonda. Mimi namwonyesha kwamba fonti, yaani mtindo wa herufi, ni ileile, ukubwa uleule, unene uleule, nafasi kati ya mstari na mstari ileile, namba zote nimezitoa kwenye mchoro wake mwenyewe. Anasema yeye haangalii namba, anaangalia maandishi, na maandishi yamekonda kama mtu aliyetoka kuugua. Na sitaki kukudanganya, mshauri, alikuwa anasema kweli. Programu yake ya kuchorea hupaka herufi kwa namna yake, zinatoka nzito kidogo, na kivinjari, yaani ile programu ambayo watu hufungulia mtandao, nacho hupaka kwa namna yake, na kila simu na kila kompyuta ina mkono wake. Nilimweleza hivyo mara nyingi. Yeye alisikia kisingizio cha mtu mvivu.

Basi tukapata kazi ya kliniki ya macho. Ukurasa uliokuwa na uzito kuliko zote ulikuwa ule wa maandalizi kabla ya upasuaji: mgonjwa asile wala kunywa kitu tangu alfajiri ya siku hiyo, aje na mtu wa kumrudisha nyumbani, dawa zipi aendelee nazo na zipi aache. Shemeji aliukataa ukurasa ule tena na tena. Alisema wanaousoma ni watu wenye macho mabovu, hawezi kukubali wapewe herufi za kuchungulia. Siku moja mteja alikuja kuangalia tulipofikia, na mbele yake, na mhasibu wetu akiwepo, shemeji akasema, "Mimi nachora nyumba, shemeji yangu ananijengea kibanda." Wote wakacheka, nami nikacheka, maana ningefanya nini. Jioni habari zikawa zimeshafika kwa mke wangu, ikawa kesi, akaniomba kwa upole kwamba kaka yake umri unakwenda, hatabadilika tena, nimpe tu anachotaka.

Nikampa. Niliyachukua maandishi yote ya ukurasa ule kutoka kwenye mchoro wake, nikayahifadhi kama picha, nikaibandika hiyo picha mahali palipokuwa na maneno. Nilijua si kazi safi, lakini nikajiambia ni kwa muda tu, funika kombe mwanaharamu apite, mteja akishakubali nitayarudisha maneno. Shemeji akaja, akaulaza mchoro wake juu ya ukurasa, hakuna herufi iliyozidi wala iliyopungua, na mtu yule asiyejua kusifu akanishika bega akasema, "Leo umenisikia." Tangu siku hiyo hajanisema tena. Mchana tunakula pamoja, kila mteja anaambiwa mimi ndiye fundi, mke wangu anaimba jikoni. Siku zikaenda, na mimi nikashindwa kurudisha kitu.

Sasa sikia kilichotokea. Kliniki ilipiga simu ofisini. Kuna mama mmoja, jicho lake moja lilishakufa zamani, alikuwa apasuliwe mtoto wa jicho kwenye lile lililobaki. Hawezi kusoma, hivyo hutumia simu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Kliniki ilimtumia ukurasa wetu. Simu ikamsomea kichwa cha juu, "Maandalizi kabla ya upasuaji", ikatamka neno "picha", maana maneno yaliyo ndani ya picha haiwezi kuyasoma, ikashuka moja kwa moja chini na kumsomea namba ya kliniki. Mama wa watu akajua hakuna la zaidi. Siku ya siku akaamka, akanywa chai, akala mkate, akaenda. Walipomuuliza kama amekula akajibu ndiyo, wakamrudisha. Daktari mpasuaji huja pale kwa zamu, foleni ni ndefu, hakuna anayejua atapangiwa tena lini, na jicho linazidi kufifia. Simu hiyo aliipokea shemeji. Aliufungua ukurasa, akautazama, akauona hauna doa, akawajibu kwamba kwetu hakuna shida, simu ya huyo mama ndiyo mbovu. Mimi nilikuwa meza ya pili. Nilisikia yote na sikufungua mdomo.

Nimewaza kurudisha maneno kimyakimya, lakini haiwezekani. Nikiyarudisha herufi zitakonda tena, na macho yale yataona kabla hata hajavuta kiti, ataniuliza nimegusa nini. Nikimwambia ukweli atajua kwamba sifa zote alizonipa nilizipata kwa ujanja, na kwamba mimi ndiye niliyemfanya awaambie kliniki uongo bila kujua, na mke wangu atabaki katikati ya kaka aliyemlea na mume aliyemdanganya kaka. Nikinyamaza, wako wagonjwa wengine wanaotumiwa ukurasa uleule. Mshauri, nianzie wapi?

Ni mimi, fundi niliyekwama.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, kisha nikakusoma tena nikitafuta mahali ulipoandika kwamba umeyarudisha maneno. Sikupaona. Maana yake wakati unaniandikia barua yote hii, ile picha bado ilikuwa pale, na wagonjwa wanatumiwa. Weka gazeti chini, nenda kayarudishe, halafu uje tuendelee.

Umerudi? Haya, sasa tuzungumze.

Nakuonea huruma, tena sana. Kufanya kazi chini ya mtu aliyekutoa mbali ni mtihani, kila ukimpinga unajiona mtovu wa fadhila, na kuchekwa mbele ya mteja kunauma hata kwa mtu mzima. Lakini kombe ulilolifunika halikupitisha mwanaharamu, lilimpitisha mama wa watu. Yeye alipoulizwa alisema kweli, na kweli yake ikamrudisha nyumbani bila kutibiwa. Wewe hukuulizwa, ukakaa kimya, ukabaki na kiti chako na sifa zako. Hapo mimi nimekasirika, sitakuficha.

Mambo ya kompyuta najua kuiwasha na kuizima. Ila marehemu mume wangu alikuwa fundi cherehani, na sikumwona hata siku moja akimaliza ugomvi na mteja kwa kuitazama nguo ikiwa imelala mezani. Alikuwa anamwambia vaa, tuone. Wewe na shemeji yako mmegombana muda wote huo, huyu ameshika namba, yule ameshika mchoro, na hakuna aliyesema tumvishe mtu tuone. Namba zako zilikuwa sahihi. Macho yake nayo yalikuwa sahihi, umekiri mwenyewe. Sasa kama herufi zinakonda zikifika kwenye kivinjari, si uziongeze unene hukohuko, uikoleze rangi hukohuko, hata kama namba haitalingana na ya kwenye mchoro? Nani alikuapisha kwa namba? Yule mzee alikuwa anawapigania wagonjwa wa macho, kwa mdomo mbaya, ndiyo, lakini anawapigania. Wewe ukasikia jeuri ya mkubwa, ukamletea kitu cha kumnyamazisha.

Nenda kwake leo, ofisini, mkiwa wawili, mlango umefungwa. Usimtume mkeo, usimtangulize mkeo, wala usimwombe mkeo akupimie hali ya hewa. Yeye utamweleza jioni, yote, kwa mdomo wako. Mwambie shemeji, "Ile kazi uliyonisifia haikuwa kazi, niliweka picha, na simu ya yule mama haikuwa mbovu." Kisha nyamaza. Usiongeze kwamba alikulazimisha, hata kama kuna ukweli ndani yake, maana ukishaanza na hilo hamtazungumza tena habari za mgonjwa, mtazungumza habari zenu. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, na ndugu hawaachani kwa hasira ya siku moja. Humwombi ruhusa ya kusema kweli, unampa taarifa. Ukimaliza, piga simu kliniki yeye akiwa amekaa hapohapo, useme kosa ni la ofisi yenu, uwaombe wamfikirie yule mama kwenye zamu ya karibu, na wawatafute kwa simu wagonjwa wote waliotumiwa ukurasa ule. Akikataa kukaa, piga mwenyewe. Asipokuwepo leo, piga mwenyewe.

Hasira zikipoa, tafuta simu ya kawaida kabisa, ya bei ya watu, umvutie kiti shemeji yako mbele yake. Ongeza unene wa herufi, apunguze, ongeza tena, mpaka yeye mwenyewe aseme hapo hapo. Na tangu sasa mchoro wa maandishi usipelekwe kwa mteja kabla hamjauona kwenye simu pamoja. Hilo lingewaepusha na haya yote.

Na wewe shemeji mtu, ikiwa gazeti hili limekufikia: macho unayo, nakupongeza, lakini ukimfedhehesha fundi mbele za watu atakuletea kinachokupendeza, na kinachofaa atakiacha nyuma.

Kliniki wakikubali kukuunganisha na yule mama, zungumza naye wewe. Usimpigie hadithi za herufi na vivinjari. Bila shaka kliniki wameshamwambia simu yake ni mbovu, na huenda hivi sasa anaogopa kuitumia, naye hana nyingine ya kumsomea. Mwambie simu yake ni nzima, aendelee kuiamini. Atakuuliza, sasa kosa lilikuwa la nani. Mjibu.