Maneno niliyoyabuni

Alhamisi, Muyinga

Sasa profesa wangu nitamwambia nini? Jumatatu anataka majibu ya Muyinga ayalinganishe na yale ya Gitega.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Mwanafunzi anaweka alama kwenye kila neno la Kiingereza analolijua. Katikati nimechomeka maneno machache niliyoyabuni mwenyewe, yasiyo na maana yoyote, ili nimjue anayebahatisha. Gitega karibu wote waliyaruka. Leo darasa zima limeyawekea alama.

Nimejitakia. Wiki iliyopita nilimwachia mwalimu wao nakala moja, aone tu jaribio lilivyo.

“Mi nimewafundisha yote, madamu,” aliniambia leo, uso umemchangamka. “Sikutaka watoto wetu wachekwe na wale wa Gitega. Mengine kamusi yangu haina, iko ya zamani. Hayo nimeyatafutia maana mi mwenyewe.”

Nilikusanya karatasi zangu, nikamshukuru.

Nikiyatupa majibu haya, nitaulizwa sababu. Nikiitaja sababu, nitamharibia kazi mtu ambaye hakulala akiwahangaikia wanafunzi wake. Nikinyamaza, watoto wataingia na maneno yangu kwenye mtihani wa serikali, na huko…

Nilipokuwa natoka, msichana mmoja wa darasa lile alikuwa anapalilia bustani ya shule. Aliniinulia kijembe chake, akitabasamu.

“Ploven, madamu.”

Neno langu. Nililitunga nikiwa Gitega, nakunywa chai.

Nikamwambia, vizuri sana.